Likizo ya Familia Jangwani Wakati wa Joto Kali: Panga Saa Kabla ya Kupanga Mahali

Safari nyingi hupangwa kwa orodha ya mahali: kesho tuta la mchanga, keshokutwa korongo, siku ya tatu ziwa la chumvi. Jangwani, katika majira ya joto, orodha ya namna hiyo huvunjika siku ya kwanza tu. Mahali pa kwenda ni pengi. Saa za kwenda ndizo chache. Siku nzima ina saa nne au tano za asubuhi ambazo mtoto anaweza kucheza nje bila kuumia, na saa mbili hivi za jioni. Zilizobaki zote ni za kivuli. Ukilipokea hilo kabla hujalipia chochote, likizo itakuwa njema. Nimeona familia zikirudi zimenuniana kwa sababu zilishindana na jua, na nimeona watoto wakilia siku ya kuondoka kwa sababu wazazi wao waliliachia jua njia.

Hatua ya 1: Tazama kwanza ni nani anayesafiri

Chukua karatasi, andika majina ya wote wanaokwenda, na mbele ya kila jina andika kitakachomlemea. Familia itakwenda kwa mwendo wa yule anayezidiwa mapema kuliko wote, kwa hiyo ni vyema umjue tangu nyumbani.

Mtoto mdogo hushikwa na joto upesi kuliko mtu mzima, kwa sababu eneo la ngozi yake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake, na jasho lake ni dogo. Tena hasemi. Akiwa na mchezo mkononi hataomba maji mpaka awe amekwisha kuchelewa. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: joto linalotangazwa na watabiri wa hali ya hewa hupimwa kivulini, kipimo kikiwa kati ya mita moja na mbili kutoka ardhini. Mtoto wa miaka mitatu anatembea chini ya hapo, karibu na ardhi yenyewe inayofuka joto kama kikaango. Furnace Creek, huko Death Valley nchini Marekani, ndiko kulikorekodiwa joto la hewa la juu kabisa linalotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, nyuzi 56.7 za Selsiasi, tarehe 10 Julai 1913. Ardhi ya hapo hapo ilipopimwa mwaka 1972 ilifika nyuzi 93.9. Ndiyo tofauti iliyopo kati ya hewa anayoisikia baba usoni na mchanga ulio karibu na magoti ya mwanawe.

Kigari cha kusukuma mtoto usikifunike kwa shuka ukidhani unampa kivuli. Hewa husimama ndani na joto hupanda. Mwavuli, au kivuli kinachoacha pande wazi, ni bora zaidi.

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, ushauri wangu ni mmoja tu: ahirisha safari. Katika umri huo hapewi maji, ananyonya tu, na losheni ya jua haishauriwi kwa ngozi yake. Huna cha kumkinga nacho ila kivuli na chumba chenye ubaridi, na hivyo angevipata nyumbani.

Wazee nao hupungukiwa na hisia ya kiu, kwa hiyo bibi anaposema "sina kiu" anasema kweli, ila mwili wake umekauka. Baadhi ya dawa huzidisha tatizo: zile za presha zinazoongeza mkojo, baadhi ya dawa za mafua na mzio, na baadhi ya dawa za sonona. Asiache mtu dawa yake kwa sababu ya safari. Amuulize daktari wiki kadhaa kabla. Mwenye kisukari akumbuke kwamba insulini nyingi zinazotumika hazitakiwi kukaa penye zaidi ya nyuzi 30, na pia haitakiwi kugandishwa, kwa hiyo ikae kwenye kijisanduku cha ubaridi bila kugusana na barafu.

Mwili huzoea joto, lakini hauzoei kwa siku moja. Unahitaji kati ya wiki moja na mbili. Likizo nyingi huwa zimekwisha kabla ya hapo, maana yake utakuwa mgeni wa joto safari nzima. Siku mbili za kwanza zisiwe na matembezi marefu hata kidogo.

Hatua ya 2: Chagua jangwa lenye mlango wa kutokea

Majangwa hayalingani kwa joto. Kwanza hakikisha unajua majira ya joto ni lini huko uendako. Sahara, Arabuni na majangwa ya Marekani huungua Juni hadi Agosti. Namib, Kalahari na jangwa la katikati ya Australia huungua Desemba hadi Februari. Wapo waliokata tiketi ya Desemba wakidhani wanakwenda kwenye baridi.

Baada ya hapo tafuta mahali ambapo, mambo yakizidi, mna pa kukimbilia. Kuna namna tatu za kufanya hivyo.

Ya kwanza ni mwinuko. Kwa wastani joto hushuka kama nyuzi 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na mto Colorado unapita zaidi ya kilomita moja chini yake. Ndugu wawili wanaweza kuwa katika korongo hilo hilo asubuhi hiyo hiyo, wa juu amevaa sweta, wa chini anatafuta maji.

Ya pili ni bahari. Swakopmund, Namibia, imepakana na matuta ya jangwa la Namib, lakini mkondo baridi wa Benguela huleta ukungu na hewa ya kupumua, wakati ndani ya nchi, kule Sossusvlei, jua limewaka. Salalah, kusini mwa Oman, hupata manyunyu na ukungu kati ya Juni na Septemba, msimu wanaouita khareef, vilima vikageuka kijani. Ukivuka milima kuelekea kaskazini unaingia Rub' al Khali, mojawapo ya majangwa makubwa ya mchanga duniani. Familia inaweza kulala penye manyunyu na kwenda kuona matuta kwa siku moja tu.

Ya tatu ni ardhi yenyewe. Coober Pedy, Australia, wakazi wengi wamechimba nyumba zao ndani ya miamba, na zipo hoteli za namna hiyo. Joto la ndani hukaa karibu na nyuzi 24 mwaka mzima bila kiyoyozi. Mtoto ataikumbuka nyumba ya pangoni kuliko bwawa lolote la kuogelea.

Usiweke zaidi ya vituo viwili vya kulala kwa wiki moja. Kila mkihama mnapoteza asubuhi, na asubuhi ndiyo mali yenu. Mtaka yote hukosa yote, na jangwani huanza kukosa saa tano ya siku ya kwanza. Kama mtaunganisha ndege, chagueni inayoruka asubuhi: hewa yenye joto ni nyepesi na hupunguza uwezo wa ndege kupaa. Juni 2017 ndege ndogo za abiria zilizuiwa kuruka huko Phoenix, Marekani, joto lilipopita nyuzi 48.

Hatua ya 3: Gawanya siku

Hii ndiyo hatua iliyobeba nyingine zote, na ningependa uisome taratibu.

Sisi tunaosema Kiswahili tuna bahati moja: saa yetu huanza kuhesabiwa kunapokucha. Tunaposema saa nne, tumesema pia kwamba jua limeikanda ardhi kwa muda wa saa nne. Na mbali na ikweta, katika majira ya joto, huchomoza mapema kuliko hapo, kwa hiyo limeikanda zaidi. Walinzi wa hifadhi ya Grand Canyon huwataka wageni wasiwe kwenye njia za bondeni kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Uluru, Australia, matembezi ya kuuzunguka mwamba, kama kilomita 10, hushauriwa yawe yamekwisha kufikia saa tano asubuhi siku za joto. Sehemu mbili za dunia, kanuni moja.

Kosa la kawaida ni kudhani adhuhuri ndiyo kilele cha joto, kisha watu wakatoka saa tisa wakiamini jua limeanza kulala. Jua linalala, ndiyo, lakini ardhi inaendelea kupokea joto zaidi ya inalotoa, na hewa nayo inazidi kupanda. Kilele huwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Saa ya ubaridi kuliko zote ni ile ya kupambazuka. Kwa hiyo jambo zito la siku, kupanda tuta, kutembea korongoni, kuona magofu, liwekwe asubuhi. Jioni ni ya kukaa na kutazama.

Hivi ndivyo siku inavyoweza kwenda:

Saa kumi na nusu alfajiri, watu wazima wanaamka, chupa zinatolewa kwenye friji. Watoto wanabebwa na nguo za kulalia mpaka garini ikibidi. Saa kumi na moja mnaondoka. Mnapofika kwenye tuta, mchanga bado una ubaridi wa usiku. Mtoto akichota mkononi anaweza kuuachia taratibu kati ya vidole na kuona nyayo za mende na mijusi waliopita usiku, zimechorwa kama uzi, kabla upepo haujazifuta. Ifikapo saa mbili nyayo hizo hazipo. Saa tatu na nusu mnageuza. Saa nne mko ndani.

Kuanzia hapo mpaka saa kumi na moja jioni hakuna ratiba ya nje. Kula, oga, lala. Usiuite muda huu "muda uliopotea" mbele ya watoto, maana watakuamini. Beba mchezo wa karata, vitabu, penseli za rangi, kitu cha kushona. Makumbusho na majengo yenye ubaridi yanafaa hapa, mradi gari liegeshwe karibu na mlango. Mtoto aliyeamka saa kumi na nusu atalala mchana bila kubembelezwa, na usingizi huo ndio utakaompa jioni njema.

Kila siku ya tatu iwe ya mapumziko kabisa. Hilo nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo la kwanza kufutwa pale mtu anapoona mambo mengi hayajaonwa.

Hatua ya 4: Uliza maswali ya chumba kabla ya kulipa

Mtakaa chumbani saa sita au saba za mchana, kwa hiyo chumba ndicho kitu cha kwanza cha kutumia fedha. Mwaka mmoja tulilipia nyumba iliyotangazwa kuwa na kiyoyozi. Tulipofika tukakuta kiyoyozi kimoja sebuleni, na vyumba vya kulala vina feni za ukutani. Tena umeme wa jenereta ulizimwa saa sita usiku. Watoto wanne walilala sakafuni sebuleni, milango ikiwa wazi, na sisi tukawa tunalowesha kanga na kuwafunika. Tangu siku hiyo huwa naandika maswali na kutaka jibu la maandishi: kiyoyozi kiko katika kila chumba cha kulala? Umeme unakatwa saa ngapi? Dirisha linaelekea magharibi? Friji inagandisha? Tunaruhusiwa kuingia chumbani saa ngapi, maana kufika adhuhuri na watoto na kuambiwa msubiri mpaka saa tisa si jambo dogo.

Feni peke yake isikudanganye. Shirika la Afya Duniani linashauri itumike pale tu joto lilipo chini ya nyuzi 40. Likizidi hapo, feni inaupulizia mwili hewa ya moto. Lakini nguo iliyoloweshwa, katika hewa kavu, hupoza sana.

Mahema ya jangwani yanapendeza pichani. Kwa majira ya joto kali, na watoto wadogo, hema lisilo na kiyoyozi ningelikataa. Turubai lililopigwa jua mchana kutwa huendelea kutoa joto mpaka usiku wa manane.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya maji kwa lita

"Tutabeba maji ya kutosha" si hesabu. Anza na lita 4 za kunywa kwa kila mtu kwa siku, kiwango ambacho walinzi wa Death Valley huwataka wageni wasipungue. Ongeza lita 2 kila mmoja kwa ajili ya kulowesha nguo, kunawa, na rejeta ya gari. Watu wanne ni lita 24 kwa siku. Mkienda mbali na barabara kuu, beba ya siku mbili hata kama mnarudi jioni ile ile. Yagawe kwenye madumu madogo matatu au manne badala ya dumu moja kubwa, ili likitoboka moja msibaki mikono mitupu.

Hewa kavu huficha jasho. Ngozi inabaki kavu kwa sababu jasho linakauka pale pale linapotoka, na mtu anasema "hapa hata sitoki jasho." Anatoka, sana. Kwa hiyo usingoje kiu. Mtu mzima anayetembea anywe kama kikombe kimoja kila baada ya dakika 15 hadi 20. Mtoto anywe mafundo machache kila mnaposimama, na simameni mara kwa mara. Mkojo ndio kipimo chepesi: ukiwa wa njano hafifu ni salama, ukikoza rangi mmechelewa. Kwa mtoto mchanga hesabu nepi. Zikipungua sita zilizolowa kwa siku nzima, chukua hatua.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi vya kutosha. Maji matupu kwa wingi, bila chumvi, huzimua chumvi ya damu, na mtu akaumwa kichwa, akatapika, akachanganyikiwa, hata akafa. Mtu asizidishe kama lita 1.4 kwa saa moja. Kila mnaponywa, kuleni kitu chenye chumvi kidogo. Weka pia pakiti kadhaa za chumvi ya kurudisha maji mwilini, ile inayotolewa kwa wagonjwa wa kuhara, na uichanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yenyewe.

Mkitembea kwa miguu, geuzeni pale theluthi moja ya maji inapokuwa imetumika. Kurudi huwa na jua kali zaidi kuliko kwenda, na korongoni kurudi ndiko kupanda.

Hatua ya 6: Nguo na viatu

Kufunika mwili kunapoza kuliko kuuacha wazi. Chagua nguo pana, ndefu, nyepesi, za pamba, zinazoacha hewa ipite katikati ya kitambaa na ngozi. Kofia iwe na ukingo pande zote, maana kofia ya mbele tu huacha masikio na shingo viungue. Losheni ya jua yenye kiwango cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi hupakwa tena kila baada ya saa mbili.

Viatu viwe vya kufunika vidole. Kabla ya mtoto kuvua viatu, weka mgongo wa mkono wako ardhini na uhesabu mpaka kumi. Usipofika kumi, havui. Fanya vivyo hivyo kwa chuma cha mkanda wa kiti, kwa bembea, kwa ngazi ya bwawa. Leso moja ya pamba kwa kila mtu, ya kuloweshwa na kufungwa shingoni, ina kazi kuliko vifaa vingi vinavyouzwa kwa wasafiri.

Hatua ya 7: Gari

Siku mbili kabla ya safari, fundi aangalie maji ya rejeta, mikanda, betri na kiyoyozi. Upepo wa matairi upimwe asubuhi yakiwa baridi. Tairi lililopungua upepo hujikunja, hupata moto, na hupasuka kwenye lami iliyochemka. Spea iwe na upepo, jeki iwepo, na mtu mmoja aliyewahi kubadili tairi awepo pia. Gari la kukodi lifungue buti na uone kwa macho yako.

Mshale wa joto ukianza kupanda, zima kiyoyozi, fungua madirisha, washa hita iwe ya mwisho. Ni karaha, lakini hita huvuta joto kutoka kwenye injini. Ukiendelea kupanda, simama, zima, na usiguse kifuniko cha rejeta mpaka kipoe kabisa. Mvuke wake umeunguza nyuso za wengi.

Mtoto hasalii garini. Hata dakika mbili, hata kivulini, hata akiwa amelala na inauma kumwamsha. Gari lililoegeshwa juani hupanda kama nyuzi 10 ndani ya dakika 10, na kuacha dirisha wazi kidogo hakubadilishi kitu cha maana. Wazazi waliowasahau watoto wao garini wengi walikuwa wazazi wema waliovurugwa ratiba, na safari ni ratiba iliyovurugika. Weka mkoba wako au kiatu chako cha kushoto kwenye kiti cha nyuma, ili usiweze kushuka na kuondoka bila kutazama huko.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na beba ya karatasi. Simu nazo huzidiwa: Apple, kwa mfano, inashauri simu zake zitumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Ukiibandika kwenye kioo cha mbele itazima wakati ule ule unapoihitaji. Mwachie mtu nyumbani maelezo ya njia mtakayopita na saa ya mwisho ambayo, asipowasikia, apige simu kwa waokoaji. Msiibadilishe njia hiyo kwa sababu ramani imeonyesha mkato.

Julai 1996, familia ya watalii wanne kutoka Ujerumani, wakubwa wawili na watoto wawili, iliingia Death Valley kwa gari la kukodi na kufuata njia mbovu isiyopitwa na watu. Gari lao lilionekana Oktoba, limekwama, matairi yametoka upepo. Mabaki ya wale wakubwa yalipatikana mwaka 2009, kilomita kadhaa kutoka garini. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema ili, mkikwama, msiliache gari. Gari linaonekana kutoka angani. Mtu anayetembea haonekani. Kaeni kivulini mwake, nje, si ndani. Fungueni boneti iwe alama. Na ikilazimu kabisa kutembea, ngojeni mpaka jua lizame, isipokuwa mnaona kwa macho mahali penye watu.

Hatua ya 8: Kila mtu mzima azijue dalili

Joto linapoanza kumzidi mtu hutoka jasho jingi, huumwa kichwa, huishiwa nguvu, hukakamaa misuli, hujisikia kutapika. Mtoto huanza kulialia bila sababu au, lililo baya zaidi, hunyamaza. Mpeleke kivulini, mvue nguo za ziada, mloweshe, mpepee, mpe maji kwa mafundo madogo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, tafuta tabibu.

Kiharusi cha joto ni kitu kingine. Joto la mwili hufika nyuzi 40 au zaidi na ubongo huanza kushindwa: mtu anaongea maneno yasiyoeleweka, anayumba, anapata degedege, anazimia. Ngozi huweza kuwa kavu au bado ina jasho, kwa hiyo usitegemee ngozi. Tegemea akili yake. Muulize jina la mdogo wake, siku ya leo, mlikotoka. Akikosea, ni dharura. Mmoja apige simu ya dharura, na mwingine aanze kumpoza hapo hapo bila kungoja gari. Mtumbukizeni kwenye maji ya baridi mpaka shingoni kama yapo, mkishika kichwa chake. Kama hayapo, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea bila kukoma, mkiweka barafu shingoni, makwapani na kwenye kinena. Msimnyweshe chochote aliyepoteza fahamu. Dawa za kushusha homa hazifanyi kazi hapa. Maji yote mliyobeba ya kunywa yanaweza kuhitajika kwa kazi hii, msiyaonee uchungu.

Hatua ya 9: Mvua

Majangwa mengi hupata mvua za ghafla katika majira ya joto. Ardhi kavu na ngumu hainywi maji, inayapitisha tu, na makorongo huwa mifereji. Tarehe 12 Agosti 1997, watu 11 walikufa kwenye Antelope Canyon, huko Arizona, kwa maji ya mvua iliyonyesha mbali, nao wakiwa mahali pakavu. Kwa hiyo soma utabiri wa eneo lote la juu, sio wa hapo uliposimama. Msilale kwenye mkondo mkavu hata kama mchanga wake ni laini. Maji yakikatisha barabara, subirini. Kina cha sentimita 30 chenye kasi kinaweza kulibeba gari dogo.

Hatua ya 10: Usiku

Mchana mliwanyima watoto mengi, usiku uwarudishie. Mahali pengi jangwani joto hushuka sana baada ya giza, na mbingu haina wingu wala taa. Angalia mwezi kabla ya kuchagua tarehe: usiku usio na mwezi ndio wa nyota. Vimondo vya Perseids hufikia kilele karibu na tarehe 12 na 13 Agosti. Vya Geminids karibu na tarehe 13 na 14 Desemba. Kwa hiyo mwenye kwenda Sahara na mwenye kwenda Namib, kila mmoja ana vyake. Tandikeni mkeka karibu na nyumba, mlale chali, mzime simu zote kwa dakika 20 mpaka macho yazoee giza.

Beba tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV). Nge akimulikwa nayo hung'aa rangi ya kijani kibichi chenye samawati, kama kipande cha kioo kilichowashwa kwa ndani. Mara ya kwanza mpwa wangu alipomwona mmoja ukutani, hatua tatu kutoka mlangoni, alishika mkono wangu na hakusema neno. Kisha akaomba tummulike tena, tena, na tena. Mnamtazama kwa mbali, mmevaa viatu, hamgusi jiwe lolote. Na kwa sababu mmejua sasa kwamba yupo, viatu vyote vinaingizwa ndani usiku, na asubuhi kila kimoja kinakung'utwa kabla ya mguu kuingia.

Kabla ya kulala jaza chupa zote, zipange kwenye friji, weka kofia na leso juu ya meza ya mlangoni, soma utabiri wa kesho, na utege saa iite saa kumi na nusu alfajiri.